Mzushi wa Kanisa na Mzushi wa Sokoni

Siku yangu ya kwanza ya ukatekista, Paroko wa Masisi alinikabidhi boksi la chaki, kengele iliyopasuka, na swali. "Muzushi ni nani?" Nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima na nimekariri amri kumi na sakramenti saba. Hilo sikulitegemea. Nikajibu nilivyojua: mzushi ni mtu anayewatungia wenzake uongo.

"Ule njo muzushi wa sokoni," akasema. "Wa Kanisa iko mwingine. Ikaa."

Nikakaa, akanifundisha maneno matatu. Ortodoksia ni imani nyofu, ile Kanisa linayoikiri pamoja tangu mitume. Heterodoksia ni fundisho lililopinda, mara nyingi kwa kutojua au kwa haraka ya mwalimu. La tatu ndilo uzushi. "Kukosea tu haitoshi," akaniinulia kidole. "Mupaka uonyeshwe kosa, ulielewe, kisha useme: nakataa. Kama haukumuonyesha muntu, usimuite ile jina."

Nililikariri somo hilo vizuri sana. Kulishika ndiko kulikonishinda, kama mtakavyosikia.

Nyinyi makatekista vijana mjue pia kwamba unyofu kila mtu anauvutia kwake. Wakristo wa Mashariki wameufanya jina lao kabisa, wanaitwa Waorthodoksi. Vitabu vyetu vya zamani viliwaita Waprotestanti wazushi. Vilivyofuata vikawaita ndugu tuliotengana nao. Baba mkwe wangu, shemasi wa Kiprotestanti aliyelima maharagwe kilimani, alikuwa akinimiminia maziwa huku akinitania: "Banyofu njo siye, mukwe. Ninyi muliongeza-ongeza." Tulibishana, tukanywa, kesho yake tukaanza tena.

Baada ya miaka mingi Masisi nilipelekwa Walikale kuwa mkaguzi. Kazi ya mkaguzi ni kuzunguka mashirika, zile jumuiya ndogo za sala, kusikiliza makatekista wanavyofundisha na kumwandikia ripoti Dwayeni, padri anayesimamia parokia kadhaa. Mtu wa milima nikajikuta porini, nyuma ya pikipiki, matope hadi masikioni. Nililalamika kila siku na nikaipenda kila siku.

Huko Omate, kwenye machimbo, shirika lilifundishwa na Mama Zawadi, mkulima wa Masisi aliyekuwa amehamia huko, akiwauzia wachimbaji maharagwe yaliyoiva. Jioni aliwaandaa kwa ubatizo. Nilifika akiwa katikati ya somo la Utatu Mtakatifu, nikasimama mlangoni.

"Baba ni maziwa," aliwaambia. "Maziwa ikigeuka, inakuwa siagi: njo Mwana. Ikigeuka tena, inakuwa fromage, ile jibini: njo Roho. Ng'ombe moja, maziwa moja!"

Wachimbaji wakapiga makofi. Mimi nywele zilisimama. Baba hakugeuka kuwa Mwana. Fundisho la Mungu mmoja anayebadili sura Kanisa lilikwisha kulikataa zamani sana. Lakini mvua ilikuwa inakuja na mwenye pikipiki anapiga honi, nikaondoka bila kumwambia neno. Walikale nikaandika ripoti nikijiona mlinzi wa imani: "Mama huyu ni mzushi. Asimamishwe."

Kabla Dwayeni hajajibu, barua ikaenda Omate kwa sahihi yangu, ikasomwa mbele ya shirika: Mama Zawadi amesimamishwa kwa sababu ya uzushi. Nani Omate angejua uzushi wa Kanisa? Wiki ileile shimo moja lilikuwa limefungwa kwa sababu mtu fulani aliwachongea wachimbaji kwa wakubwa. Watu wakaunganisha. Kumbe ni yeye! Hata Kanisa limesema! Sufuria yake ikalala na maharagwe yake bila mnunuzi, na akaambiwa Jumapili isimkute pale.

Mkuu wa shirika alimwandikia Dwayeni. Dwayeni akaniita ofisini kwake.

"Ulimuonyesha kosa?"

"Hapana, Padiri."

"Alikataa?"

"Sikumuuliza."

Akaikunja ripoti yangu polepole. "Basi muzushi tuko naye hapa mu biro. Wa sokoni."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akaongeza, bila hasira: "Enda. Neno ulitoa weye, ulirudishe weye."

Nilifika Omate Jumamosi, nikamkuta Mama Zawadi anafunga godoro kwa kamba. Akaendelea kukaza fundo. Nikamwomba anivumilie mpaka kesho. Baada ya sala nikasimama mbele ya wote, nikasema huyu mama hakumchongea mtu, neno lile nililiandika mimi, na nililiandika bila haki. Kisha mchimbaji mmoja mzee akauliza: "Sasa maharagi atapika leo ao hapana?" Watu wakacheka, nami nikajua amepona.

Mama Zawadi alikuja kwangu bado amekasirika. "Papa Katekista, juu ya nini haukuniuliza? Mi nilikuwa natafuta tu namna bantu baelewe."

Nikamwomba msamaha, nikamsimulia jina nililopewa na Dwayeni, kisha nikamweleza kosa la maziwa: yakiwa jibini, si maziwa tena. Akainua vidole vitatu. "Basi niseme mafiga tatu, chungu moja?"

"Hapo utakuwa na miungu watatu, Mama!"

"Ee! Kumbe uzushi iko karibu hivi?" Akacheka kwa mara ya kwanza. "Sasa niseme nini?"

Nikafungua katekisimu yangu, nikapekua kurasa hadi ya mwisho. Akafanya ishara ya msalaba, kama mtu anayeanza upya, akausimamisha mkono begani. "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho... Papa, tunasema jina. Hatuseme majina. Batatu, jina moja. Si njo ile?"

Ndiyo ile. Imani nyofu alikuwa nayo mkononi kila siku, na mimi nilimwondoa darasani.

Alirudi kufundisha juma lilelile. Tangu hapo sikuandika ripoti juu ya mtu kabla ya kukaa naye, na nyingi hazikuhitajika tena. Nilistaafu nikarudi Masisi kwa ng'ombe wangu wawili. Mkinijia na vitabu vyenu mkiuliza Utatu unafundishwaje, nawaonyesha mkono wa Mama Zawadi.

Majuzi alipita kwangu, mvi kichwani, akiwaleta makatekista wanne aliowalea mwenyewe. Akapiga hodi kwa sauti ya kusikika kijiji kizima:

"Muzushi wa sokoni, uko?"

"Niko, Mama," nikajibu. "Karibu maziwa."