Jike la Kituo cha Tisa

Kila asubuhi ya msimu wa kuwinda, saa kumi na mbili na nusu, Helmer, mshika orodha wa kikundi chetu, huita kwenye redio vituo tunamovizia. Cha kwanza, nipo. Cha pili, nipo. Sauti huja zimekauka, sauti za watu wasiotaka kubandua midomo kwenye vikombe vya kahawa. Baada ya cha nane Helmer hunyamaza kidogo, kama mtu aliyefika kwenye ngazi iliyovunjika kipandio, halafu huita cha kumi. Cha kumi ni mimi. Katika kimya kile nasikia maji yakijipenyeza kinamasini, na sijawahi kujibu kabla hakijaisha.

Gudrun Sellström alikaa kituo cha tisa miaka arobaini na mmoja. Baba yake alipoumia mgongo, mwaka wa sabini na tisa, yeye ndiye aliyekuja na bunduki ya mzee. Kijiji chetu cha Granmyr hakikuwa kimewahi kuona mwanamke akidai kituo. Wanaume wakampa kona ile ya kinamasi kwa sababu hakuna elgi, kulungu mkubwa wa misitu ya kaskazini, aliyekuwa akipita pale. Msimu ule ule akaangusha wawili. Wakaacha kucheka.

Siku nyingine zote za mwaka alikuwa akipeleka barua, kwa gari la njano, kutoka dukani mpaka shamba la mwisho, na elgi wa njia ile aliwajua kuliko alivyowajua baadhi ya wapokeaji. Oktoba moja dume lilikula matufaha yaliyochachuka chini ya mti wa mama yake Helmer, likalewa, likaja kuegemea gari la posta. Mnyama mrefu kuliko farasi, pembe kama makoleo mawili, pua imening'inia kama soksi iliyolowa. Likalala limesimama, na gari likainama upande mmoja. Gudrun alikaa ndani saa moja na nusu akisoma kadi za likizo za watu.

"Kwa nini hukupiga honi?" Helmer alimuuliza.

"Wewe ukilewa unapenda kuamshwa na honi?"

Lakini kwenye uwindaji hakuwa na mzaha. Sheria ya kwanza ya kikundi chetu aliiandika yeye, kwa kalamu ya posta, akaibandika mlangoni mwa banda la kuchunia. Ndama huangushwa kwanza, mama baadaye. Atakayeangusha mama akaacha ndama, anakwenda nyumbani, na mwaka ujao haitwi. Sote tulikubali, maana sote tumewahi kukuta mwezi wa Februari ndama aliyekufa akiwa amezama kwenye theluji mpaka kifuani, hana mama wa kumtangulia na kumkanyagia njia.

Sheria ilitumika mara moja. Sixten, jirani wa Gudrun, aliyekuwa akimzolea theluji mlangoni bila kuombwa, alikosea asubuhi ya ukungu.

"Gudrun, jamani, hata mkono wangu sikuuona."

"Ukungu haukufyatua risasi, Sixten."

Akaenda nyumbani. Akaendelea kumzolea theluji miaka kumi, hakuingia tena kunywa kahawa, kisha akafa.

Mwaka ninaousimulia Gudrun alikuwa na miaka sitini na minane. Magoti yalikuwa yameisha, na sikio la kulia lilisikia linachotaka. "Nimechoka, Helmer," alisema usiku wa kuamkia ufunguzi. "Nimechoka mpaka kwenye kucha." Helmer akamjibu kwamba hata yeye, na wakacheka, na Jumatatu wote wawili walikuwa msituni kabla ya jua.

Ilikuwa Jumatano, karibu saa nne. Jike lilitoka misonobarini likasimama wazi kinamasini. Jike lililo peke yake hutafuna tu. Lenye ndama hugeuka kutazama nyuma. Kwa hiyo mtu hungoja. Gudrun mwenyewe alitufundisha kungoja mpaka miguu ife ganzi, kisha tungoje tena. Jike lile halikugeuka. Mimi nikiwa kituo cha kumi nilisikia mlio mmoja tu, safi, nikajua tutakula maini jioni.

Yaliyofuata alituambia mwenyewe, bila kujipunguzia kosa. Alikwenda, akahakikisha limekufa, akaketi juu ya kichuguu cha nyasi kando yake kwa sababu magoti yalikuwa yanawaka. Vichaka vya mierebi vikatikisika. Ndama akatoka. Rangi ya chai, miguu mirefu kuliko akili yake. Hakukimbia. Akasimama hatua tatu, kisha akasogea akanusa kofia ya Gudrun ya rangi ya chungwa, akainama akamsukuma mama yake shingoni kwa pua, mara moja, mara mbili. Kisha akamtazama Gudrun. Pumzi yake ilimfika mkononi, ya moto, inanuka majani. Bunduki ilikuwa mapajani na risasi ilikuwa ndani, na kazi ilikuwa imalizwe pale pale. Kidole hakikutii. Ndama akageuka, akarudi mierebini taratibu.

Redio ikasema: "Jike limeanguka. Lilikuwa na ndama. Nimekosea."

Watu kumi na mmoja tukasikia.

"Gudrun, hebu rudia," Helmer akasema.

"Umesikia vizuri. Kiziwi ni mimi."

Tulipomfikia, Helmer alimvuta pembeni, ila sauti ya Helmer haina pembeni. "Mkaidi wewe! Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mbwa wako angempata kesho. Ungejua wewe."

"Jike halikugeuka. Umesema mwenyewe. Mtu yeyote angefyatua."

"Halikugeuka kwa sababu sikulipatia muda. Sikungoja, Helmer. Nilitaka kukaa chini."

Siku mbili tulimsaka ndama kwa mbwa. Mvua ilikuwa imeosha harufu, mbwa wakarudi wamelowa na aibu. Gudrun akatuambia tuache kukimbiakimbia. Ndama hurudi alipomwacha mama. Jumamosi, kabla hakujapambazuka vizuri, akatandika ngozi karibu na tulipofukia matumbo, akaketi. Nilimwona kwa mbali kutoka kituo changu, doa moja la chungwa kwenye mvua, halisogei. Kunguru wakaja, wakaondoka. Nilitamani ndama asije. Nadhani na yeye alitamani.

Saa tatu ukalia mlio mmoja. "Ndama ameanguka," redio ikasema, kwa sauti ya mtu aliyetua ndoo. "Njooni na kamba."

Jumapili tukagawana nyama. Kwetu nyama hugawanywa kwa mafungu sawa juu ya meza ndefu. Mmoja hugeukia ukuta, mwingine hugusa fungu kwa kisu na kuuliza la nani, na aliyegeuka hutaja jina, ili pasiwe na lawama. Aliyegeuka siku zote alikuwa Gudrun.

"Haya Mkuu, ukutani," Helmer akasema, akijitahidi kuchangamka.

"Mwaka huu nipe penye nyama," Vidar wa kituo cha nne akapaza sauti. "Mwaka jana nilitafuna mifupa mpaka Pasaka."

"Sina macho kisogoni, Vidar. Ningekuwa nayo ningekupa kwato."

Tukacheka kuliko ilivyostahili. Helmer akagusa fungu, Gudrun akataja. Akagusa, akataja. Majina kumi na moja. Likabaki moja.

"Hili la nani?"

Gudrun akatazama ukuta.

"Gudrun. La nani?"

"Gawaneni."

"Usifanye hivyo. Hakuna aliyekufukuza hapa. Umempata ndama, umemaliza kazi, yamekwisha."

"Sixten naye alimpata wake."

"Sixten amekufa, bibi wee!"

"Amekufa. Kwa hiyo hawezi kunisamehe."

Hakusema kwa hasira. Alichomoa redio kiunoni, akaiweka mezani karibu na karatasi ya kufungia nyama, yenye damu, akaosha kisu chake, akakikausha vizuri pande zote mbili kama afanyavyo mtu mwenye nafasi, akatoka. Helmer alibaki ameshika kisu, ncha ikiwa juu ya lile fungu. Mwishowe Vidar ndiye aliyelikata, vipande kumi na kimoja, na hakuna aliyeangalia kipande cha mwenzake.

Agosti iliyofuata Helmer aliandika jina la Gudrun kwenye orodha ya wawindaji, kama kawaida. Alipompigia, Gudrun alimwambia afute, kisha akamuuliza mkewe anaendeleaje na mguu. Helmer hakufuta.

Gudrun anaishi mjini Lycksele sasa, ghorofa ya pili, nyuma ya duka la rangi. Goti la kushoto limebadilishwa. La kulia linasubiri zamu.