Shairi la Baba Neema na Koo Langu

Wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu. Mimi ni Mama Neema wa Mlalo. Nisikilizeni, maana kuna kipindi msingenisikia hata mngenisogelea.

Kabla ya kuugua nililima kabichi na viazi, na kanisani niliimba sauti ya pili. Mume wangu aliimba besi. Alifariki kwa homa ya mapafu, na tukiwa bado kwenye msiba sauti yangu ikaanza kukwaruza. Baadaye ikakatika kabisa. Kooni nilihisi kama tonge limekaa, halipandi wala halishuki. Hata mate niliyameza kwa kazi. Nikaishi kwa uji mwepesi, nguo zikanipwaya.

Nilimshuku wifi yangu, kwa sababu ndiye aliyenipa chai msibani. Nikaacha kula kwake. Hospitalini Lushoto daktari alinipitishia puani mpira mwembamba wenye kamera, akasema, "Mama, hakuna uvimbe. Nyuzi za sauti ni nzima, ila zimekaza. Majonzi yanaweza kufanya hivyo." Akanifundisha mazoezi ya kupumua na kuvumisha sauti nikiwa nimefumba mdomo. Sikuyafanya. Niliamini ananificha saratani.

Kwa kuwa sikuweza kusema, niliandika shairi la kumlilia mume wangu. Binti yangu Neema akampelekea mwalimu wa kwaya bila kuniuliza. Mwalimu akaja nyumbani na heshima tele.

"Shikamoo mama. Tunaomba tulitie nota, liimbwe kwa sauti nne."

Heshima ile ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nilijua atalipeleka kwenye mashindano aseme ni lake. Nikamwandikia kwamba nakubali, lakini nitakaa mazoezini niwachunge.

Basi nikakaa benchi la sauti ya pili, mikono nimeikunja. Kwaya yetu hujifunza nota kwanza. Maneno hayaguswi mpaka nota zikae vichwani. Kila jioni ni do, mi, so tu. Nikasema moyoni, hawa wana kitu wanaficha.

Na kweli walikuwa nacho. Maneno yalipoandikwa ubaoni, pale nilipoandika jina la mume wangu pamewekwa "mpendwa wangu". Nikanyoosha kidole. Mwalimu akaeleza kwa upole, "Tuliona mama hutapenda jina la mzee litajwe mbele za watu. Hata wewe hatujawahi kukusikia ukilitaja."

Hapo hakusema uongo. Mimi nililelewa hivyo, mke halitamki jina la mumewe. Maisha yetu yote nilimwita Baba Neema. Lakini shairi lile niliandika ili aitwe. Hasira ikanipanda, nikasimama.

"Zakaria," nikasema. "Aliitwa Zakaria. Rudisheni."

Sauti ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, lakini ilikuwa yangu na ilitoka. Mwalimu akafuta ubao akaandika upya. Neema, aliyekuwa amenisindikiza, alikuwa analia.

Sikupona siku ile. Nilianza mazoezi ya daktari yule yule niliyemshuku, na tonge likaachia polepole, mpaka nikala ugali. Wifi yangu ndiye aliyeusonga. Niliunusa kwanza, siwafichi, kisha nikala wote.

Namshukuru Mungu, na daktari, na wanakwaya walionivumilia. Nanyi mkiambiwa ugonjwa umetokana na majonzi, msidhani mmedharauliwa. Mtajeni marehemu wenu. Shairi tumeliimba kanisani, nami nilikuwa kwenye sauti ya pili. Tulipofika kwenye jina nililiita kwa nguvu zote, kisha nikasubiri kidogo, kama mtu aliyezoea kuitikiwa.