Msuko wa Mwalimu Kasiani

Jua la asubuhi linaingia uani kwa Mudrik Maliki, kisiwani Juani, linamkuta kashakaa chini, jiwe katikati ya miguu, tindo mkononi. Anagonga. Anapuliza vumbi. Anagonga tena. Kofia, kope, ndevu, vyote vyeupe. Ukimwona ghafla utadhani kaangukia pipa la unga.

Fundi huyu, anayejulikana kwa kuchonga mihrabu za misikiti, leo anachonga msalaba.

"Fundi, mihrabu umeacha siku hizi?" anamchokoza jirani yake, Zubery, akipita na jembe begani.

"Mihrabu zipo. Na wewe hizo hesabu za kuuzia nazi ulifundishwa na nani?"

Zubery anacheka, anaenda zake.

Wote wawili walisomeshwa na Mwalimu Kasiani, Mngoni wa Songea aliyekuja Juani bado kijana, akazikwa hapahapa mwaka juzi. Msalaba wake wa mti umeliwa na mchwa. Mjane wake, Mama Yustina, anahamia Songea kwa watoto, na anaogopa kaburi litapotea.

Alimletea Mudrik picha ambayo marehemu aliitundika ukutani miaka yote: msalaba wa jiwe wa Ayalandi, wa zaidi ya miaka elfu moja, umejaa msuko unaopita juu, chini, juu tena, na hauna ncha.

"Nikasema kazi ndogo hii," anasimulia Mudrik, 46. "Jiwe la kwanza, nyuzi zote nikazipitisha juu. Likawa kama sahani ya tambi. Nikalivunja."

Mkewe, Amina, msuka mikeka, ndiye aliyemhurumia. Alichukua ukindu, akasuka ukili, utepe mwembamba wa kushonea mkeka, akaziunganisha ncha zake mpaka zikapotea.

"Baba Hija, fuata huu," alimwambia. "Picha achana nayo, inakuchanganya."

Ukili huo sasa umelala juu ya jiwe la pili, umejaa vumbi.

Mama Yustina anaingia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi."

Anainama. Anapitisha kidole kwenye msuko, anaufuata taratibu, anarudi alikoanzia, anazunguka tena.

"Nani atapalilia kaburi?" anauliza.

Mudrik anaweka tindo chini.

"Mimi, mama. Kabla ya mfungo tunakwenda kusafisha makaburi ya wazee wetu. Nikitoka huko napitiliza kwa Mwalimu. Wewe nenda kwa wajukuu. Na siku mimi nikishindwa, mwanangu Hija nimeshampeleka. Anapajua."