Bingwa wa Sindimba Apewa Msoma Vifo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Msimbati. Nyuma ya nyumba ya udongo iliyoezekwa bati jipya upande mmoja tu, mwanamke na mwanamume wanatwanga makopa katika kinu kimoja. Mchi wa mwanamke unapanda na kushuka bila haraka. Mchi wa mwanamume unachelewa, halafu unawahi, halafu unagonga wa mwenzake juu ya kinu, na unga wa muhogo unawarukia wote wawili usoni.

"Umehesabu tena," anasema mwanamke.

"Nimehesabu kidogo tu, dada Nilza. Nimefika tatu nikaacha."

"Kinu hakijui hesabu. Anza upya."

Hatua chache kutoka hapo, mzee ameketi kwenye kigoda, ngoma kati ya magoti, uso ameuelekeza ukutani. Amewapa mgongo. Anapiga, anasikiliza, anaguna. Hii ni wiki ya tano anakuja kuketi hivyo, na hajageuka hata mara moja.

Mwanamke ni Nilza Alberto, mwenye umri wa miaka 41, bingwa mtetezi wa Jozi ya Kusini. Katika shindano hilo mchezaji wa ngoma anayeishi kwa kazi hiyo hupewa mtu maarufu asiyejua kucheza. Humfundisha, kisha hupanda naye jukwaani mjini Mtwara. Majaji watatu hutoa nusu ya alama. Nusu nyingine hutolewa na watazamaji, ambao kila mmoja hupewa korosho moja mlangoni na kuitia katika kikapu cha jozi anayoipenda.

Korosho hizo sasa hupakwa rangi nyekundu. Mwaka wa kwanza hazikupakwa, na waandalizi walisahau wako mkoa gani. Ukumbi ulikuwa na watu mia nne, vikapuni zikakutwa korosho elfu moja na mia tisa. Kila mtu alikuwa amekuja na zake mfukoni.

Mwanamume ni Faraji Athumani, miaka 57. Sura yake wengi hawaijui, lakini sauti yake haina mgeni. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akisoma matangazo ya vifo redioni kila siku saa saba mchana. Kuanzia Nanyamba hadi kingo za Ruvuma, ni nyumba chache ambazo hazijawahi kunyamaza ili kumsikiliza yeye.

Siku majina yalipotolewa mwezi Juni, ukumbi mzima ulicheka. Kwa kanuni za shindano, bingwa huchota wa mwisho, maana yake hachoti. Anapokea kilichobaki kikapuni. Wenzake walikuwa wamekwisha kuchota mwanamitindo, mlinda mlango wa zamani na mchekeshaji. Nilza akakunjua kikaratasi chake na kukisoma kwa sauti.

"Mmoja nyuma yangu akasema, 'Bibi, huyo atakutangaza na wewe. Maziko ni Jumamosi saa tisa alasiri,'" anakumbuka Nilza. "Nikamwambia sawa, uje na ubani. Na kiti uje nacho, maana utakaa sana kusubiri maiti."

Kicheko kile kilikuwa na sababu. Jozi ya Kusini ina mabingwa watano hadi sasa, na kati ya wanne waliomtangulia Nilza hakuna aliyevuka mchujo wa pili akiwa na mwenza mpya. Wawili walitolewa siku ya kwanza. Mmoja alifika mchujo wa pili, mwenza wake akakimbia mazoezi. Wa nne alisoma jina alilopewa, akakunja kikaratasi, akapanda basi kurudi kwao.

Ila kinachomkera Nilza si takwimu hizo. Mwaka jana alishinda akiwa na Gideoni, kijana mwimbaji ambaye mashabiki wake walijaza ukumbi tangu adhuhuri. Mwezi uliofuata Gideoni alihojiwa Dar es Salaam kuhusu ushindi ule. Akasema, kwa kucheka, kwamba "dada yule nilimbeba."

Maneno hayo yalifika Msimbati kabla ya kijana mwenyewe kumaliza kunywa soda yake. Watu wakayapokea. Sokoni wakasema kumbe bingwa alikuwa Gideoni, Nilza alikuwa pambo.

"Anayebebwa ni mtoto," anasema Nilza, akipepeta unga kwenye ungo. "Mimi sijaona mbeleko mgongoni kwa yule kijana. Basi mwaka huu nipo na mtu ambaye hawezi kubeba hata kiuno chake mwenyewe. Tukivuka, waseme tena nani alimbeba nani."

Hilo ndilo linaloshindaniwa. Nilza amevuka mchujo wa kwanza kwa taabu. Wa pili ni Jumamosi ijayo. Akitolewa, neno la Gideoni litasimama, na atakuwa bingwa wa tano kuthibitisha kwamba mchezaji wa ngoma ni kivuli cha mtu maarufu aliyepewa.

Nilza alizaliwa Kitaya, kwa wazazi waliovuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji wakati wa vita. Shuleni aliitwa "wa ng'ambo" mpaka alipomaliza darasa la saba. Mama yake alikuwa mcheza ngoma, na alimfundisha kama alivyofundishwa yeye. Kwanza alimpa mchi.

"Watu wawili wakitwanga kinu kimoja, hakuna anayeongoza," anaeleza. "Unamsikia mwenzako mwilini. Ukihesabu, unachelewa, kwa sababu hesabu iko kichwani na mchi uko mkononi. Sindimba ni hivyo hivyo. Ngoma haikungoji umalize kuhesabu."

Kikundi cha ngoma anachochezea kina kanuni nyingine, ngumu kuliko hiyo. Mwanafunzi havai njuga miguuni mpaka mpiga ngoma aridhike. Mpiga ngoma humpa mgongo, akimsikiliza akicheza na mwalimu wake. Siku atakayosikia miguu ya watu wawili ikikanyaga kama ya mmoja, atageuka. Kabla ya hapo hageuki, hata aombwe namna gani. Nilza alisubiri miezi saba akiwa na umri wa miaka tisa.

Aliyempa mgongo wakati ule ndiye anayempa mgongo Faraji leo. Ni mjomba wake, Mauricio Cesar, fundi wa ngoma na mpigaji wa miaka mingi. Njuga zinazomsubiri Faraji zimening'inizwa kwenye msumari, sentimita chache kutoka kwenye kofia ya mzee huyo.

"Huyu bwana ana miguu miwili mizuri," anasema Mzee Mauricio bila kugeuza kichwa. "Shida ni kwamba haijaamua itakwenda pamoja lini."

Maisha ya mcheza ngoma hayana mshahara. Nilza hulipwa shilingi elfu thelathini na tano kwa harusi au sherehe ya unyago, na mwezi mzuri huwa na shughuli nne au tano. Msimu ukipita, hubangua korosho kama wanawake wengine wa kijiji. Halalamiki. Anasema tu kwamba kazi anayoijua mtu vizuri haipaswi kuitwa bahati.

Wiki mbili za kwanza na Faraji zilikuwa za aibu. Alikuja na viatu vya ngozi na soksi. Alivuliwa. Kiuno chake kilikuwa cha mtu aliyekaa kitini miaka ishirini na miwili. Majirani walianza kuja kutazama mwanamume akitwanga, na kinara wao alikuwa Halima, anayeuza ming'oko, viazi vya porini, ng'ambo ya njia.

"Baba wa matanga," alimwambia Faraji siku moja, akiwa ameegemea ua, "huo ni mchi, si maikrofoni. Usiusogeze mdomoni."

Faraji alicheka naye. Lakini wiki ya tatu alikuja na bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua kwa waandalizi, imeandikwa kwa mwandiko safi, akiomba kujitoa kwa sababu za kiafya ili bingwa apewe mwenza mwingine.

"Sikuwa mgonjwa," anakiri Faraji. "Nilimwonea huruma. Mimi nikichekwa narudi kazini kesho yake, maana watu hawaachi kufa. Yeye jina lake ndilo kazi yake."

Nilza aliisoma barua mpaka mwisho. Asubuhi ile mjomba wake alikuwa anawasha moto wa kukaza ngozi ya ngoma. Nilza akaikunja barua na kuiweka chini ya vijiti.

"Ilikuwa karatasi kavu, nzuri," anasema. "Ngoma ililia vizuri sana siku ile."

Wenzake wa kikundi walimpa shauri jingine: amfiche. Faraji asimame nyuma, apige makofi, wachezaji wanne wampite mbele na kurudi. Kabla ya kuwajibu, Nilza alimpigia simu Stefano wa Nanyamba, bingwa wa kwanza wa shindano, ambaye alipewa mkandarasi wa barabara na kumficha hivyo hivyo.

"Stefano akaniambia, 'Mdogo wangu, nilimficha, na kila mtu alimwona. Nilitolewa siku ya kwanza. Na mkandarasi yule mpaka leo hanisalimii.'"

Basi Nilza akakataa kumficha. Aliwaambia wenzake kwamba akimweka mtu nyuma, atakuwa amekubali kwa miguu yake kile ambacho Gideoni alikisema kwa mdomo.

Njia ilipatikana bila kutafutwa. Ilikuwa siku ya Jumatano, saa saba mchana. Nilza alikuwa jikoni, redio ya Halima ikisikika kutoka ng'ambo ya njia. Faraji akataja jina la marehemu. Akanyamaza. Kisha akataja kijiji na saa ya maziko.

"Katika ule ukimya nikatazama nje," anasema Nilza. "Halima amesimama na kijiko hewani. Mwenye baiskeli ameweka mguu chini. Hata mimi mwiko ulikuwa juu. Nikasema, huyu mtu anasimamisha wilaya nzima kila siku, na sisi tunamlazimisha akimbie."

Katika sindimba kuna mahali ngoma hukatika ghafla na mchezaji husimama pale pale, mguu ulipo. Ni mahali pagumu. Wageni wengi huteleza hatua mbili mbele baada ya ngoma kunyamaza, na njuga huwasaliti. Nilza alimfuata mjomba wake na kumwomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba: akate ngoma mara tatu badala ya mara moja, na kila mkato uwe na urefu wa pumzi ya msoma vifo.

Mzee Mauricio alinung'unika kutwa nzima. Kesho yake alionekana ameketi kando ya redio ya Halima saa saba mchana, akigonga goti kwa kidole.

Mchujo wa kwanza ulifanyika juma lililopita. Jozi zilikuwa nane, na moja ilikuwa lazima itoke. Nilza alipanda na njuga zake. Faraji alipanda miguu mitupu. Jaji mmoja aliuliza kwa nini mwenza hana njuga, na akaandika alama nne kati ya kumi.

Nilza angeweza kumfunga njuga tu. Watazamaji wa mjini wasingejua kanuni ya kikundi cha Msimbati.

"Mjomba angejua," anajibu Nilza. "Angeiweka ngoma chini, na angekuwa na haki. Bingwa anayeiba njuga za mwanafunzi wake ni bingwa wa nini?"

Walicheza. Faraji alikuwa mzito, na mara mbili aliwahi. Halafu ngoma ikakatika. Nilza akasimama, naye Faraji akasimama, mkono mmoja juu, kidevu kimeinuka, kama mtu aliyetaja jina na anasubiri lizame. Ukumbi ulinyamaza kama ni saa saba mchana. Mama mmoja mstari wa mbele akashika shavu.

Mkato wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Katika wa tatu Faraji alisimama vizuri, lakini ngoma iliporudi alianza na mguu usio wake, akamgonga mwalimu wake begani. Baadhi wakacheka. Nilza alimsukuma kwa nyonga kumrudisha mahali pake, na wakamaliza.

Walishika nafasi ya saba. Waliwapita wa nane kwa korosho kumi na moja.

"Ya saba si ya nane," anasema Nilza. "Waliokuja na ubani wamerudi nao."

Jumamosi ijayo zitatoka jozi mbili. Faraji ameomba ruhusa kazini siku tatu, na amelala kwa jamaa zake Madimba ili awahi kinu. Viganja vyake vina malengelenge, ambayo huwaonyesha wageni kabla hawajauliza. Anasema mkewe amemwambia kwamba sasa hata akitembea uani anasikika kama watu wawili.

Mpango wa Nilza ni kufika fainali ya mwezi Agosti. Zaidi ya hapo anao mwingine. Akitetea ubingwa, mwakani hatadai kanuni ya kuchota ibadilishwe, ingawa wenzake wanamsihi adai.

"Waniachie tu aliyebaki kikapuni," anasema. "Kama yupo maarufu asiyeweza hata kuinuka kitini, wamlete na kiti chake. Mimi nafundisha. Anayetaka mwenza anayejua tayari, huyo anatafuta wa kumbeba."

Jua limeanza kupanda. Halima amefika ng'ambo ya njia na kuweka sinia la ming'oko, tayari kwa maneno. Nilza anamwaga makopa mengine kinuni na kumpa Faraji mchi.

Wanaanza. Mchi mmoja juu, mwingine chini. Faraji hasogezi midomo. Ngoma inaingia taratibu chini ya mapigo yao, inakwenda nayo, kisha inakatika. Michi yote miwili inasimama hewani. Mkono wa Halima umeganda juu ya sinia. Ngoma inarudi, na michi inarudi nayo, bila kugongana.

Kigoda kinalia. Mzee Mauricio amesogea. Uso wake, uliokuwa ukutani wiki tano, sasa unatazama mlango wa jiko, na ncha moja ya sharubu yake inaonekana.

Faraji anashusha mchi. "Amegeuka?"

"Robo," anasema Nilza. "Twanga."