Mipira Yangu Iliyotoka Inje

Tenisi ni muchezo mubaya kwa mutu anayeishi peke yake. Kushona, ninashona peke yangu. Kuimba, ninaimba peke yangu. Hata kugombana nimejifunza kugombana peke yangu, mimi na sufuria yangu, na siku nyingine sufuria inanishinda. Lakini tenisi inataka mutu wa pili ngambo ya wavu. Hapa Nchelenge, upande wa Zambia, kati ya batu bote banaokula samaki ya ziwa Mweru, mutu huyo alikuwa mumoja tu: musichana wa miaka kumi na saba, mutoto wa bavuvi ba kisiwa cha Kilwa, mule mule mu ziwa. Mimi nina arobaini na nane.

Nilijifunza muchezo huu Lubumbashi. Baba yangu alikuwa anafagia tereni za tenisi za klabu moja ya kampuni, na mimi nilikuwa naokota mipira ya bakubwa. Jioni, bakiisha kwenda kunywa, nilikuwa nachukua raketi yenye nyuzi zilizokatika na kupiga ukuta mpaka mama aje kunivuta sikio. Nilipofika miaka ishirini, hapakuwa mwanamuke wa kunishinda mu ule muji. Sisemi kwa kujivuna. Bon, ninajivuna kidogo, ni haki yangu. Kisha vita ikanileta huku, na kitenge kimoja, kichwa cha mashine ya kushonea na raketi mbili. Shemeji yangu aliniuliza njiani kama nitapika raketi. Bwana yangu tulimuzika Pweto. Batoto bangu bako Ndola na maisha yabo, bananipigia simu siku ya Noeli na kuniuliza kama nimekula. Ninabaambia nimekula.

Tereni yetu iko nyuma ya nyumba ya zamani ya bageni ya serikali, karibu na maji. Ni sakafu ya simenti iliyopasuka, na kuanzia saa mbili ya asubuhi si tereni tena: banamama banaanika chisense pale, bale samaki badogo kama kidole ambao Mweru inatulisha. Kwa hiyo tenisi ilikuwa ya saa kumi na mbili, jua likitoka tu, kabla mabeseni hayajafika. Wavu wetu ulikuwa wavu wa kuvulia. Nimeukunja mara mbili na kuushona mwenyewe. Mistari nilikuwa naipaka na pemba, ule udongo mweupe. Mipira ilinuka samaki mpaka paka za jirani zilikuwa zinatufuata.

Miaka mitatu ya kwanza nilipiga ukuta wa ile nyumba. Kisha akaja daktari mumoja muzungu, akacheza na mimi mwaka mumoja. Muchezo wake ulikuwa wa kuhurumia, lakini alikuwa mutu, alikuwa anarudisha mupira. Akarudi kwabo. Mimi nikarudi ku ukuta, na ukuta haukosei hata siku moja, njo maana unachosha vile.

Ule musichana alikuwa anamusaidia mama yake mudogo kuanika chisense. Siku moja mupira wangu uliangukia mu beseni lao. Akaukamata, akanirushia kwa mukono kutoka mwisho wa tereni, ukanifikia kifuani. Mawee! Mukono wa kupiga kasia tangu utoto. Nikamuambia, "Weye! Kuja hapa. Weka beseni chini."

Nilimufundisha vile nilifundishwa mimi, kuhesabu pointi kwa Kifaransa: kwanze, trante, karante. Mupira ukianguka ndani, unasema "bon". Ukitoka inje, unasema "fote". Hatukuwa na refa, kwa hiyo kila mutu alikuwa anahukumu mipira inayoanguka upande wake. Asubuhi alikuwa anapiga magoti na makofi madogo kunisalimia, vile Babemba banafundisha batoto babo. "Mwashibukeni, bamayo," ni kusema, umeamka aje, mama. Kisha anasimama na kunipigia mipira ya kutaka kunivunja mukono.

Miaka miwili tulicheza hivyo, na nilikuwa ninamushinda. Si siku zote, lakini mara nyingi. Nilikuwa nafika ku soko la Kashikishi nikiimba, ninakaa ku mashine yangu, na jirani yangu muuza vitenge ananiuliza, "Leo tena?" Ninamujibu, "Leo tena! Sita kwa ine!" Yule mama hakujua tenisi ni nini. Nafikiri aliona ni dawa ninayokunywa. Na kweli, jioni nilikuwa nafunga mulango mapema na kulala vizuri, sababu kulikuwa mutu anayeningoja asubuhi.

Mwaka huu, mu majira ya baridi, akafika kocha mumoja kutoka Lusaka, na kijana wake mwenye kofia. Balikuwa banapita muji kwa muji kutafuta basichana ba kuingia mu shule moja yenye tereni za kweli, kula na kulala bila kulipa. Mutu alikuwa amebaambia kwamba huku kuna musichana anayepiga mupira kama anaudai deni. Kocha alimuangalia dakika kumi tu. Kisha akasema anataka kumuona mu mechi, na mutu wa kumusumbua, seti moja. Akishinda, banamubeba Jumatatu. Akishindwa, basi, mwaka kesho atakuwa amepita umri. Akageuka, akaniangalia mimi.

Niseme ukweli, sababu ni mimi ninaandika na hakuna wa kunizuia: nilitaka kumushinda ili abaki. Nilijua mutoto ana haki ya kwenda. Nilijua mama yake mudogo alikuwa anafunga na kusali. Nilijua yote. Lakini nilifikiria ule ukuta, na asubuhi zake zote. Nikafunga goti langu na kitambaa, nikajiambia: hapana, huyu haendi.

Jumamosi banamama balikubali kuchelewesha chisense yabo. Balikaa kando ya tereni na mabeseni yabo, banatafuna miwa. Kijana wa kofia alikaa juu ya kreti ya samaki karibu na wavu. Yeye ndiye refa. Nikaanza na mupira wangu ninaoupenda, ule wa kuvuka mpaka kona ya mwisho. Pointi ngapi nimepata na ule mupira, sijui. Kijana akainua mukono. "Auti."

Nikacheka. Nikapiga wa pili, pale pale. "Auti." Wa tatu. "Auti." Aka! Damu ikanipanda. Nikaacha fasi yangu, nikazunguka wavu na raketi mukononi. "Weye kijana, macho yako uliyaacha Lusaka? Huu mupira umekuwa bon miaka miwili! Muulize huyu mutoto!" Banamama bakacheka mpaka beseni moja likapinduka. Kijana alishuka ku kreti, akatembea mpaka ku kona, akanionyesha na kidole. Simenti ilikuwa bado na umande. Alama ya mupira ilikuwa pale, wazi kabisa, kiganja kizima inje ya mustari, na alama zingine mbili kando yake.

Nilimuangalia musichana. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hapo nikaelewa, na sijawahi kusikia baridi ya namna ile. Kutoka upande wangu, macho yangu hayaoni tena vizuri ule mustari wa ngambo. Tangu lini, sijui. Nilikuwa ninasikia tu sauti yake: "Bon, bamayo." Kila asubuhi, bon. Nikaanza kuhesabu nyuma, sita kwa ine ya Jumatano, sita kwa tatu ya wiki ile nyingine, nikaacha, sababu niliona mahali hesabu inaenda kuanguka. Mechi zote nilizoimba njiani kwenda ku soko nilipewa na mutoto.

Nikarudi upande wangu na hasira. Na hasira yangu inajua tenisi. Niliacha zile kona, nikaanza kukata mipira, mifupi, ya hila, ile niliyoiba kwa bazee ba klabu, na yeye akakimbia mbele na nyuma mpaka jasho likamuingia mu macho. Kocha alikuwa anaandika mu kitabu chake. Ine kwa ine. Kisha tano kwa ine, yeye mbele. Kisha karante kwa trante, yeye tena. Pointi moja tu, na anaenda.

Alipiga mupira murefu, ukapita juu ya kichwa changu. Nikageuka, nikauona ukianguka juu ya mustari wangu wa nyuma, na pale karibu macho yangu bado yanaona. Vumbi jeupe likaruka. Wakati ule ule mama mumoja alikuwa amesimama mbele ya refa, beseni kichwani, anatafuta njia ya kupita. Kijana hakuona kitu. Akainamisha shingo huku na huku, kisha akaniuliza mimi, "Mama, ulikuwa ndani?"

Niliokota mupira. Ulikuwa na pemba ubavuni. Nilikuwa nimebapa batu bote mugongo, na kidole changu kikapita juu ya ile nyeupe, kikaifuta. Sikukituma. Hapana, nilikituma.

Nilipogeuka, mutoto alikuwa ameshaanza kurudi ku fasi yake kucheza pointi nyingine. Hakungoja jibu langu. Hakuuliza. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameshakubali, anaiacha Lusaka yake yote pale juu ya simenti sababu mama mukubwa ameshika mupira na amenyamaza. Hasira ikanikamata, lakini nyingine kabisa, sijui hata niiite nini.

"Weye!" nikapaza sauti. "Unaenda wapi? Rudi hapa! Ulikuwa bon! Bon, bon! Umeshinda, mujinga weye!"

Banamama bakapiga vigelegele. Mama yake mudogo akalala chini na kugaagaa kwa furaha, kitenge chake kikajaa magamba ya samaki. Mimi nilikaa pale pale nilipokuwa nimesimama, nikafungua kitambaa cha goti. Hakuna aliyeuliza kwa nini nilichelewa kusema.

Jumapili bakamuombea safari kanisani. Muchungaji akaniambia nisimame mimi pia, mwalimu wake, bakanipigia makofi. Nilisimama, nikatabasamu, na kile kidole nilikuwa nimekificha mu kiganja. Baada ya ibada batu bakamuzunguka yeye, nami nikarudi nyumbani kwa njia ya maji, ile ambayo hakuna mutu anapita siku ya Mungu.

Jumatatu bisi ya Mansa ilikuwa ya saa mbili. Alfajiri nilikwenda ku tereni kuondoa wavu, sikuona tena kazi yake. Nikamukuta pale. Raketi mukononi, sanduku kando ya ukuta. Akapiga magoti, akanisalimia, na sikumuacha amalize.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Miaka miwili ulikuwa unanidanganya. Kwa nini?"

"Sikudanganya, mukwai." Zaidi ya lile mukwai la heshima, alikuwa anasema Kiswahili chake cha kuuza samaki, na alikuwa anaangalia chini. "Bamayo, batu ba Congo banakuja kwetu Kilwa kununua samaki. Samaki ikioza njiani, banarudi, banamupigia mama yangu kelele: ni fote yako! Fote yako! Mama analia. Sasa mimi niseme 'fote' mbele yenu? Na kinywa gani?"

Kwetu sisi fote ya mupira na fote ya mutu, ni kusema kosa lake, ni neno moja, na mu maisha yangu yote sikuwa nimewahi kulisikia vile. Kwangu mupira umetoka, basi. Kwake ilikuwa kunyooshea mama mukubwa kidole usoni, asubuhi kwa asubuhi, na alikuwa ameona afadhali pointi ziende. Nilitaka kumuchapa. Nilitaka kumushika na kulia. Nilichofanya ni kukaza kamba ya wavu.

"Hilo neno liache," nikamuambia. "Sema inje. Mupira wangu ukitoka, sema inje, na useme kwa nguvu. Na leo usinihurumie, unanisikia?"

"Ee, mukwai."

Nikapiga mupira wangu wa kona. Alingoja. "Inje," akasema, kidogo sana, kama mutoto aliyevunja sahani. Nikapiga wa pili. "Inje." Wa tatu hakungoja tena. Kufika gemu ya tatu alikuwa anapaza sauti mpaka ndege ba maji banaruka, "Inje!", na alikuwa anacheka, na mipira yake ilikuwa inapita kando yangu na nguvu ambayo sikuwa nimewahi kuonyeshwa. Kumbe hata hiyo alikuwa ananifichia. Sita kwa ziro. Nilikimbia kama mwenda wazimu, nikatukana, nikaanguka mara moja, na sikupata gemu hata moja.

Mama yake mudogo akaita kutoka barabarani kwamba bisi inajaa. Akabeba sanduku kichwani, akapiga magoti nalo vile vile, akaondoka mbio. Banamama balikuwa bameanza kufika na chisense yabo, bakaniuliza kama nimemaliza. Nikabaambia bangoje kidogo. Nilikuwa bado nimesimama upande wangu wa wavu, ninahema. Miaka miwili nilisema nina mutu wa kucheza naye. Nilikuwa naye asubuhi ile moja tu, na bisi ilikuwa inapiga honi.