Hakuna Kitufe cha Yowe

Juzi nilipeleka simu kuchaji kwenye kibanda kimoja cha Majengo, nikamkuta kijana mwenye kibanda yuko kwenye kompyuta, anacheza gemu la mapanga na majoka alilolisubiri mwaka mzima. Mfalme wa kwenye gemu alikuwa amemwita shujaa amwambie kwamba dunia inakwisha. Ila kabla ya kuiokoa, amtafutie kwanza ng'ombe wake aliyepotea.

Mfugaji mmoja wa Kisukuma, wa huko Kasekese, naye akisubiri simu yake, akasogeza kiti.

"Fuata nyayo, kijana."

"Hazipo, mzee."

"Ng'ombe gani anapita kwenye tope haachi nyayo? Haya, muulize huyo mama aliyesimama njiani."

Shujaa akamuuliza. "Karibu, mgeni," mama akajibu. Akamuuliza tena. "Karibu, mgeni."

"Huyo anajua kitu," mfugaji akanong'ona. "Piga yowe, kijiji kizima kitoke kumsaka ng'ombe!"

Kijana akapapasa kibodi nzima. "Hakuna kitufe cha yowe, mzee."

Baada ya kuzunguka weee, ng'ombe akaonekana kasimama nyuma ya nyumba ya mfalme mwenyewe. Zawadi ya shujaa ikawa kofia. Kijana akasonya.

Waliotengeneza gemu lile wamechora joka mpaka magamba yanameremeta. Majirani ndio hawakuwakumbuka.

Mfugaji akachomoa simu yake kwenye chaja, akasimama. "Ng'ombe kapotea, watu wanakaribisha wageni tu," alisema. "Dunia hiyo, mwanangu, iache ikwishe."