Kija na Dhahabu Inayopakwa Ulimini

Mpwa wangu Kija ni mtu wa Bariadi, na akili yake imetoka huku kwetu ujombani. Kwa baba yake alichukua miguu mirefu tu. Alikulia machimboni, ambako mama yake, dada yangu Mektilda, aliosha marudio, yaani mchanga ambao wenye mashimo wameshauchoka. Kwa karai lake la kuoshea Mektilda alimsomesha mpaka akamaliza chuo cha maabara. Mimi nilichangia ushauri.

Siku hizi Kija yuko Mwanza, katika maabara ya hospitali inayofanya utafiti wa dhahabu. Usidhani anaivaa. Anatengeneza chembe zake, ndogo kiasi kwamba hata jicho langu, linalojulikana machimbo yote, haliambulii kitu. Zikiwa majini hazina unjano wowote; maji yanakuwa mekundu kama juisi ya choya. Nilipoyaona mara ya kwanza nilimwambia kwamba ameuziwa rangi. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akanieleza taratibu, maana ananiheshimu. Chembe hizo hupakwa protini inayonasa kwenye seli za saratani. Unapaka mahali penye shaka, mgonjwa anasukutua, halafu unamulika kwa kamera yao. Penye ugonjwa dhahabu imenasa, basi panametameta.

Mwaka jana Mektilda akapata kidonda pembeni mwa ulimi, kikakataa kupona. Kipimo kikasema saratani. Daktari Fredrick, mpasuaji mmoja mpole, akataka kujua imeenea mpaka wapi, ili ajue akate wapi. Mektilda akakubali kuingia kwenye utafiti. Kija hakutaka kumpaka mama yake kwa mkono wake, akamwachia mwenzake, yeye akakaa kwenye kamera.

Wakampaka, wakampa maji asukutue vizuri na kutema. Picha ikatokea: ulimi mzima unametameta, hadi ndani ya shavu. Daktari akasema kwa sauti ya chini kwamba ikiwa ndivyo, sehemu kubwa ya ulimi itabidi iondoke. Sasa dada yangu ni mwanamke anayeishinda redio kwa maneno. Kumtoa ulimi ni kumtoa yeye mwenyewe.

Kija hakuondoka kwenye kamera. Aliitazama picha, akageuka akamtazama mama yake, ambaye bado alikuwa amefumba mdomo kama aliyeficha kitu.

"Mayu, umesukutuaje?" akamuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mektilda akameza kwanza. "Polepole, mwanangu. Dhahabu haimwagwi."

Waosha marudio wote wako hivyo. Karai huzungushwa kwa upole, maji yaende, dhahabu ibaki chini. Mektilda alifanya hivyohivyo mdomoni, na kile kidogo alichotema alikuwa ameomba awekewe kwenye kikombe.

"Hapa ni kinyume, mayu," Kija akasema. "Isiyonasa tunaitupa. Tunataka ile iliyong'ang'ania peke yake."

Daktari akakubali warudie. Mektilda akasukutua kwa nguvu, mara kadhaa, akiliangalia sinki kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa. Picha ya pili ikaja na doa moja tu pembeni, kama punje ya hindi. Fredrick akakata hapo na nyama kidogo ya kuzunguka, wakaipima kwa hadubini kama kawaida, kingo zikaonekana safi.

Wataalamu pale wana mashine za kila aina, na sizidharau. Ila mtu aliyekumbuka namna mikono ya mama yake inavyozungusha karai ni Kija, na nitalisema hilo mpaka Maswa.

Alikuja likizo juzi. Nikawa nawasimulia majirani kwamba kosa lile nililigundua mimi. Mektilda akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kaka, wewe ulikuwa umelala kwenye benchi la hospitali, tena unakoroma."

Maneno yote yalitoka sawasawa, ila mluzi kidogo kwenye "s" ya "sema kweli" aliyoniongezea. Majirani wakacheka. Kija akainamia mchicha aliokuwa anachambua, akachambua jani moja hilohilo muda mrefu sana, huku anafuta macho kwa kiwiko.